Mukwe Habishani Bei

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Ninalisema mwenyewe, mapema, kwa sababu nikichelewa mtalisema ninyi, tena kwa mapambo.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua nilikotoka. Moto yangu ya kwanza, yaani pikipiki, ilimezwa na mto, nikatoka majini nimeshika ufunguo peke yake. Biashara yangu ya samaki iliozea njiani, harufu ikaingia Kasongo kabla yangu, na mpaka leo kuna watoto wanaoshika pua nikipita. Sijali. Ardhi ya Kasongo nimeiangukia mara nyingi, inanijua mgongo na tumbo, na kila mara imeniona nikisimama.

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa Mama Feza, kule Salamabila. Mimi Yassine nimeshika usukani wa moto ya kukodi, dada yangu mkubwa Aicha yuko nyuma yangu, na kiunoni mwa Aicha, chini ya vitenge viwili, imefungwa pesa yote tuliyokuwa nayo duniani.

Tulikuja kununua gari.

Si gari ya kubeba mihogo. Gari ya sport: nyekundu, mpya, milango miwili, viti viwili, na tumbo linalokaribia kugusa ardhi kama la bata. Mama Feza ananunua dhahabu kwa wachimbaji na kuwauzia vyakula na sururu. Siku moja mwanaume mwenzake wa biashara alimwambia mbele ya watu kwamba mwanamke wa machimboni hawezi kuwa na gari.  Mama aliagiza ile nyekundu ng'ambo, ikavuka ziwa, ikapanda kamioni, lori la mizigo, wakati wa kiangazi, ikashushwa ndani ya lupango lake, ua wenye ukuta na mlango, watu wakipiga vigelegele.

Kisha mvua ikanyesha.

"Walionibishia gari," anasema mpaka leo, "walisahau kunibishia barabara."

Tangu siku hiyo gari inakaa chini ya turubai. Kila Ijumaa baada ya sala, Hemedi, shoferi ambaye hajawahi kuitoa nje ya mlango wa lupango, anaiwasha. Watu wanakuja kusikia motere inavyonguruma, halafu wanarudi kwenye mashimo yao.

Mimi niliisikia mara moja nikapata akili. Kasongo mjini kuna barabara zilizonyooka, nchi tambarare. Na bibi harusi wa Kasongo anakwenda kwa mumewe juu ya moto, shela imejaa vumbi, kiatu kimoja kimebaki njiani. Mwenye gari nyekundu ataongoza kila harusi, ya waislamu na ya wakristo, mwaka mzima.

Aicha aliposikia alicheka. Kesho yake alicheka kidogo. Kesho kutwa hakucheka, akauza bidhaa za duka lake. Mimi nikauza moto zangu zilizobaki.

Sasa mjue jambo moja. Upande wetu kitu kikubwa tunakihesabu kwa moto. Dola inapanda na kushuka, dhahabu ina mizani ya kila mtu, lakini bei ya moto mpya kila mtu anaijua, hata mtoto. Nyumba ni moto kadhaa, shamba ni moto kadhaa. Kiunoni mwa Aicha kulikuwa na moto kumi.

Ya kumi na moja ingekuwa duka lenyewe, kuta na bati. Na duka ndilo linalolisha watoto wa Aicha tangu baba yao afariki.

"Kumi," aliniambia njiani, mdomo kwenye sikio langu. "Ukisema kumi na moja, mi nashuka Wamaza, nakuacha na gari yako mulale pamoja."

Kulikuwa na jambo la pili ambalo Aicha hakutaka litajwe siku ya biashara. Mama Feza ana binti anaitwa Rachida, ndiye anayeshika butiki yake sokoni. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima nanunua betri za tochi kwa Rachida, na tochi sina. Mwaka uliopita nilimtuma mjomba wangu akaombe ukwe. Mama Feza alimpa wali na nyama, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia." Basi. Hakukataa, hakukubali. Mjomba alirudi ameshiba.

Kwa hiyo tuliingia lupango lile asubuhi. Chai tulipewa, tukanywa. Turubai likatolewa.

Moyo wangu uliisha palepale. Lakini mdomo wangu na moyo wangu hawali sahani moja.

"Mama," nikasema, "hii ndio gari ao ni kifuniko yake? Ingine iko wapi?"

"Inama," akasema Mama Feza, "utaiona."

"Sasa hii mutu anaingia ndani ao anaivaa?"

"Mutu mwenye mwili anaingia. Wewe na huo wembamba, utaivaa."

Wachimbaji waliokuwa wanapita walisimama. Mtu wa kwetu akisikia mabishano ya bei hapiti, hata kama nyumba yake inaungua. Kabla chai haijapoa ukuta ulikuwa umejaa viwiko.

"Mbio yake?" nikauliza.

"Mia mbili na zaidi, kwa saa moja."

"Ndani ya hii lupango?"

"Itaenda Kasongo, si ndio unataka?"

"Itaenda kwa miguu yake?"

Mama Feza akatazama mlango wa lupango. "Itapanda kamioni."

"Basi mama, gari yenye kubebwa na gari ingine, bei yake ni bei ya muzigo. Tuipime kilo."

Alicheka, lakini hakushuka. "Moto makumi mbili," akasema.

"Sita."

"Sita ni bei ya milango."

"Niuzie milango. Nitaisimamisha mbele ya nyumba, watu watafikiri gari iko ndani."

Hivyo tulikwenda. Niliizunguka ile gari kama mganga anayezunguka mgonjwa tajiri. Nikagonga pine za magurudumu. Nikauliza kwa nini kiti cha nyuma kimeibwa, nikaambiwa hakikuwahi kuwepo, nikasema basi fundi wake ni mchoyo. Nikamwambia Hemedi aiwashe. Akaiwasha. Mbuzi wa jirani wakakimbia mpaka njia ya Kabambare.

"Inalia sana," nikasema. "Iko na njaa ama iko na mimba?"

"Iko na nguvu," akasema Hemedi, ambaye ana mapenzi na ile gari kupita mshahara wake.

"Hemedi, wewe umeiendesha mpaka wapi?"

"Mpaka pale kwa kisima, kwa pembe ya lupango."

"Na kurudi?"

"Kurudi tuliisukuma."

Ukuta wote ulicheka, na Mama Feza alimwangalia Hemedi kwa jicho la kumfukuza kazi. Pale akashuka mpaka kumi na tano. Mimi nikapanda mpaka nane, kwa heshima ya kisima. Jua likapanda. Yeye kumi na mbili, mimi tisa. Yeye kumi na moja na nusu. Mimi tisa na nusu, na mkono kwenye moyo.

Aicha alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso kama wa mtu aliyesindikiza mgonjwa hospitali. Lakini nilimjua. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kinacheza.

"Kumi na moja," akasema Mama Feza. "Hapo nimelala chini."

"Kumi, mama. Kumi na mimi nitakusifu Kasongo nzima, mutaa kwa mutaa."

Alikuwa amebaki pumzi moja. Mwisho wa mabishano niliuona machoni mwake: kumi ilikuwa tayari iko kwenye ulimi. Ningenyamaza tu, ingeanguka yenyewe.

Mama Feza akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akaniangalia kama anayepima dhahabu ya mtu asiyemwamini.

"Yassine," akasema, "mwaka jana mujomba yako alikuja hapa."

Masikio yangu yalisimama kama ya sungura.

"Alikula, akasema. Mimi nilisikia, sikujibu. Watu walifikiri nimekataa." Akainua sauti ili ukuta usikie. "Sikukataa. Nilikuwa natafuta mutu mwenye hatalaza mutoto yangu njaa. Leo nimemuona. Mutu mwenye mudomo ya namna hii, hata akiwa hana kitu, hata mawe itamushukia bei. Hemedi, nipe ule kuku mweupe."

Hemedi akaleta kuku. Mama Feza akamshika kwa mabawa, akaninyooshea.

"Mukwe yangu, pokea."

Nilisikia Aicha akisema, "Yassine, ngoja." Nilimsikia vizuri. Ndiyo maana nasema mjinga nilikuwa mimi, maana kama nisingesikia ningekuwa na sababu.

Nilipiga magoti. Nikampokea kuku kwa mikono miwili. Vigelegele vikapanda, kutoka ukuta mpaka barabarani, kutoka barabarani mpaka sokoni. Mchimbaji mmoja nisiyemjua alinikumbatia na matope yake. Nilikuwa nacheka kama mtoto aliyepewa bofulo zima la mkate.

"Sasa, mukwe yangu," akasema Mama Feza kwa upole, "turudie ya gari. Makumi mbili."

Nikafungua mdomo.

Aliyelia ni kuku.

Kwa wale wasiojua kwetu, nieleze. Ukishapokea kuku wa ukwe kwa mkono wa mama mukwe, humtazami usoni tena. Humwiti jina. Humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja, humtanii. Na kubishana naye, hiyo haina fimbo ya kuitosha. Mtu aliyembishia mama mukwe anapelekwa na wazee kuomba msamaha na mbuzi mkononi, na mke asipate. Akisema ishirini, ni ishirini. Wewe unainama.

Nilikuwa nimeinama. Niliona vidole vyangu vya miguu na sikuona njia ya kutokea.

Aicha alisimama. Huyu ni mtu aliyezika mume na kufungua duka wiki ileile, hatishwi na kuku.

"Mama," akasema, "huyu ndiye mukwe yako. Mimi sijaolewa na mutu hapa. Nitasema bei mimi."

"Wifi ya mutoto yangu," Mama Feza akasema kwa furaha yote, "utasema, lakini tumbo kwanza." Akamwita msichana wa jikoni. "Yvette, leta wali."

Aicha aliuona mtego. Ukila cha mwenye nyumba siku ya ukwe, umebariki yote yaliyosemwa.

"Nimefunga, mama."

"Umefunga gani leo?"

"Nalipa ya Ramadhani."

"Ile chai ulikunywa asubuhi ilikuwa ya nani?"

Aicha akakaa. Wanawake wa jirani walikuwa wameshamzunguka, wanaimba, wanamtikisa mabega, wanamwita wifi. Akajaribu tena kutoka ndani ya nyimbo.

"Kumi, mama. Kumi ndio bei ya haki, na ulikuwa unaikubali."

"Sikuikubali. Na bei nilianza na Yassine, nitamaliza na Yassine. Kama iko na neno, aseme."

Watu wakanigeukia. Mimi na kuku.

Nikamvuta Hemedi kwa mkono. "Beba neno yangu, umupelekee. Ni heshima, si ubishi. Mutu wa katikati anaruhusiwa."

"Mi nakula hapa," akasema Hemedi.

"Nitakulipa."

"Wewe utanilipa mara moja. Yeye ananilipa kila mwezi."

Akatoweka nyuma ya ghala. Nikasikia mtu ukutani akisema, "Ule Yassine wa samaki amenaswa tena." Mwingine akashika pua. Wakacheka, na kicheko kile nilikitambua. Ni kilekile cha Kasongo, kimekuja kwa miguu mpaka Salamabila kuniona.

Basi kitu kikanipanda kutoka visigino.

Mto uliniangusha, sawa, mto ni mkubwa. Samaki waliniangusha, sawa, walikuwa wengi. Lakini kuangushwa na kuku mmoja, tena mwembamba, hapana. Duka la dada yangu haliwezi kwenda kwa njia ya kuku.

Nikasimama. Nikamweka kuku kwapani. Nikampa Mama Feza mgongo, mgongo mzima, wa heshima, kama inavyotakiwa. Nikatembea mpaka mbele ya gari, nikainama, nikazitazama taa zake mbili.

"Wewe gari," nikasema kwa sauti ya kufika sokoni, "habari ya hapa?"

Kelele zikakatika.

"Nasema na wewe. Sisemi na mutu mwingine. Kuna mutu hapa mi siwezi kumubishia, namuheshimu kupita macho yangu. Lakini wewe si mukwe yangu. Wewe hukunipa kuku."

Nilisikia minong'ono. Wengine walisema ni kosa, wengine walisema si kosa. Bibi mmoja mzee, jirani, aliyebaki na meno mawili na akili zote, alicheka mpaka akakohoa, halafu akakata hukumu.

"Hajamuangalia. Hajamuita. Anaongea na chuma. Hana kosa."

 Nyuma yangu nikasikia kigoda kikiburutwa. Baadaye Aicha aliniambia kwamba Mama Feza naye aligeuka, akaukabili ukuta wa nyumba yake, ili naye asinivunjie ukwe. Basi tukabaki tumepeana migongo, watu wote na gari katikati.

"Wewe gari," akasema Mama Feza, "mwambie huyo mwenye kukunong'oneza, ulitoka mbali. Ulivuka ziwa."

"Gari, ulivuka ziwa, na mulango ya lupango umekushinda."

"Gari, mwambie uko mupya."

"Gari, upya yako inaisha hata ukilala. Huyu kuku nimepewa ananuka esanse, mafuta yako, alikuwa anataga chini yako."

"Gari, wanunuzi wako iko wengi."

"Gari, wako wapi? Ule mutu wa Lusangi pale kwa ukuta, muulize."

Mtu wa Lusangi, maskini, akashtuka. "Mi nilikuja tu kusikia motere," akasema.

Ukuta ulikaribia kuanguka. Hata wanawake waliacha kuimba. Nilimsikia Mama Feza akivuta pumzi kwa pua, na mtu anayevuta pumzi kwa pua anajizuia kucheka.

"Gari," akasema, "mwambie kumi na tano, kwa sababu ni siku ya furaha."

"Gari, mwenye wako alibishiwa na wanaume, akawashinda wote. Mimi simushindi, na sitaki. Lakini nisikilize, na wewe uko na masikio mbili hapa kwa pembeni." Nikashika vioo vyake. Sauti yangu ikashuka yenyewe, sikuipanga. "Ile pesa iko kwa kiuno ya dada yangu ni kumi. Nikitoa zaidi, duka inauzwa. Duka ikiuzwa, watoto ya dada yangu wanakuja kwangu, na mimi sina moto tena. Na mwenye wako amenipa mutoto yake leo, mbele ya watu. Huyo mutoto atakula wapi? Mukono moja unanipa binti, mukono ingine unamunyanganya sahani. Nyumba ikijaa tutalala ndani yako, gari. Na uko na viti mbili tu. Akizaa, mutoto tutamuweka wapi, kwa motere?"

 Bibi mwenye meno mawili alianza kucheka, polepole, na wengine wakafuata. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza nyuma yangu tu.

Nilisikia kigoda kikilia. Nilisikia Mama Feza akicheka kwa ndani, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wake mwenyewe.

"Gari," akasema, "mwambie bei yako ni kumi na moja, sishuki hata nikifa. Lakini moto moja ni zawadi. Zawadi ya mukwe. Alipe kumi."

Niliinua kuku juu kama bendera.

Msiniulize nilivyojisikia. Nilimshinda mfanyabiashara mkubwa wa Salamabila bila kumwangalia, bila kumwita, bila kumvunjia heshima hata kwa unywele. Nilikuwa na gari kwa bei ya haki. Nilikuwa na mke. Wale walioshika pua, wakati huo walikuwa wanaomba wapande, hata mpaka kwa kisima tu. Nikawaambia wapange mstari.

Aicha akaanza kufungua kitenge cha kwanza. Chini yake kulikuwa na cha pili, na fundo alilolifunga kwa meno. Mama Feza akamtuma Hemedi, aliyekuwa amerudi bila aibu yoyote, alete ufunguo.

Hapo mlango wa lupango ukafunguliwa.

Rachida aliingia kwa miguu, haraka, na mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kufuli ya butiki. Nyuma yake nusu ya soko. Alikuwa anahema. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu. Msusi alikuwa kwenye kundi, na kitana mkononi.

"Nimesikia kule sokoni nimeolewa," akasema. "Nikasema nikuje nione na nani."

Watu wote wakaangalia chini, kama wao ndio walioolewa.

"Ni mimi," nikasema.

"Naona kuku."

"Rachida," mama yake akasema, "salimia wageni kwanza."

"Salama, yaya Aicha?" Rachida akamsalimia Aicha vizuri, kama dada mkubwa, kwa mikono miwili, akainama. Mimi hakunisalimia. Akaigeukia gari, akaigeukia tena mikono ya Aicha kwenye lile fundo. "Mumeuza?"

"Tumeuza," akasema Mama Feza. "Kumi. Ya kumi na moja nimemupa mukwe yangu zawadi."

"Na kama hakuna mukwe?"

Mama Feza akafuta miwani iliyokuwa haina kitu. Mimi nilijua kwamba mama huyu hawezi kusema mbele ya watu kwamba alimtumia binti yake kwa biashara. Lakini pia hawezi kupoteza moto moja bure.

"Zawadi ilikuwa ya mukwe," akasema polepole. "Kama hakuna mukwe, hakuna mutu ya kupewa."

Mkono wa Aicha ukasimama juu ya fundo.

Kumi na moja. Duka. Kuta na bati. Aicha aliniangalia, na macho yake yalikuwa na watoto wake wote ndani.

Nami nilikuwa nimechoka kuinama siku ile. Nilikuwa nimesimama juani tangu chai. Hasira ikanishika, hasira ya mtu aliyeshinda mpira na refa anataka urudiwe.

"Rachida," nikasema, "mi sitaomba radhi. Mwaka jana nilituma mujomba, kama watu wenye heshima. Leo nimegongana na mama yako kwa bei mpaka alipobaki pumzi moja, nikapewa kuku, nikanyamazishwa, na bado sikuanguka. Nimebembeleza chuma mbele ya Salamabila nzima ili usikose sahani kwangu. Muulize huyu bibi. Muulize ule mutu wa Lusangi. Hakuna mwanaume hapa angefanya hivyo. Nimefanya yote. Mama amekubali, dada amekubali, ukuta yote imekubali. Tumemaliza, Rachida. Imebaki tu wewe kusema ndiyo."

Wachimbaji wakapiga makofi. Hata Hemedi alipiga, akaacha alipoangaliwa.

Rachida hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitoa kuku kwapani, akamweka chini taratibu, na kuku akakimbilia chini ya gari, nyumbani kwake.

"Mumemaliza ya gari," akasema. "Yangu hamujaanza."